Boza Msibani

Mto wetu haupo kwenye ramani. Nilifundisha jiografia Geita hadi nikastaafu, nikawachorea watoto wa watu mito ya dunia nzima kwa chaki ya bluu, na kila shule ilipoletewa ramani mpya ya ukutani jambo langu la kwanza lilikuwa kuutafuta mto wa kwetu. Naweka kidole Kahama, nakisogeza taratibu kuelekea Geita, nafika pale ambapo mji wetu ungepaswa kuwa, nakuta karatasi tupu. Siwalaumu wachoraji. Nusu ya mwaka mto wenyewe ni mchanga mtupu, ng'ombe wanalala katikati yake wakicheua, na mgeni anaweza kuuvuka kwa miguu huku akiuliza mto uko wapi.

Mimi ni mdadisi. Wengine husema mdaku, na sibishani nao. Mama yangu alishaniambia kwamba siku nikifika mbele ya Mungu nitamuuliza maswali kabla yeye hajanihoji. Basi nilipostaafu nikarudi nyumbani kwa mama na nia moja: kuandika historia ya mji wetu mdogo. Nilitaka kujua nani aliuanzisha, na kwa nini hapa, mahali ambapo maji yenyewe yamejificha.

Kila niliyemuuliza alinipa mji wake. Mzee wa kanisani aliniambia mji ulianza na chumba kimoja cha ibada chenye paa la nyasi. Wafugaji wakasema mji ni wa ng'ombe, kwa kuwa hapa ndipo kingo za mto zimelala na mifugo huvuka bila kuvunjika miguu. Mchimbaji mmoja mstaafu, aliyeumaliza ujana wake ndani ya maduara, yale mashimo marefu ya dhahabu huko Geita, aliapa kwamba mji ulianza siku mtu mmoja alipookota punje ya dhahabu kwenye mchanga wa mto, na kwamba punje hiyo haikupata ndugu mpaka leo. Niliandika yote. Daftari langu likawa kama kikao cha ukoo, kila mtu anaongea na hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Swali langu kubwa zaidi, lile la tangu utoto, lilikuwa la visima. Mvua zikija mto unashuka kwa kishindo na kufuta kila kitu. Mvua zikiisha, maji yanazama, na watu wanashuka na majembe kuchimba visima kwenye mchanga. Kila mwaka wanachimba palepale, na hakuna kigingi wala jiwe la alama. Wanajuaje? Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba kisima kinaitika kikiitwa. Nilipomuuliza mama safari hii, akacheka mpaka akashika mbavu, akanishusha mtoni.

"Simama hapa," akaniambia. "Tazama jiwe lile lililokalia jiwe. Unaona pembe ya paa la kinu cha pamba? Sogea mpaka jiwe liguse pembe. Haya, sasa geuka, tafuta mlango wa duka, kisha tembea hatua saba. Unafikiri macho tumepewa ya kulilia tu?"

Alijifunza hayo ukubwani. Mama ni Mzinza wa upande wa Chato, amezaliwa ziwani, mahali ambapo mtu akitaka maji anainama tu. Baba, Msukuma wa hapa, alipomleta kama mke, mama alifika kiangazi akauliza mto uko wapi, akaambiwa, umesimama juu yake. Walimcheka mwaka mzima. Hakuwa na ndugu hapa hata mmoja, na baba alikufa mapema. Kilichomshika mama katika mji huu ni nzengo.

Nzengo ni majirani waliofungwa pamoja na kazi. Wanalimiana, wanajengeana, na zaidi ya yote wanazikana. Mtu akifa, kila nyumba inaleta ndoo moja ya maji kutoka kisimani na mzigo wa kuni, na vinabebwa na mtu wa nyumba hiyo mwenyewe. Maji hayo ndiyo ya kumwosha marehemu na kuwapikia waombolezaji. Anayechelewa au kukosa anatozwa mchenya, faini ya vitu: kuku, maharage, kuni. Kiongozi wa akina mama katika nzengo yetu ni mjane mmoja mwenye umri kati ya wangu na wa mama, sauti yake inafika ng'ambo ya mto bila simu. Tunamwita Katibu ingawa sijawahi kumwona na kalamu. Majina yote anayo kichwani.

Wakati huo ninaousimulia, Katibu hakuwa mjane bado. Alikuja kuwa mjane mwezi wa tatu tangu nirudi, mwisho wa kiangazi, na hapo ndipo mimi mwenye elimu yangu nilipoharibu.

Siku hiyo nilikuwa Kahama, Nyasubi, nimekwenda sokoni kununua madaftari. Mama akanipigia simu: mume wa Katibu amefariki, rudi upesi. Goti lake lilikuwa limevimba, ndoo ameiweka mlangoni, ananisubiri mimi niibebe. Akaongeza, kama habari ya pembeni, kwamba mabomba yamekauka siku ya nne na kisimani watu wamepanga foleni.

Nikasimama pale sokoni nikafikiri. Nikawaona wale kina mama wazee foleni, jua la Oktoba, mchanga unaunguza. Na mbele yangu, ng'ambo ya barabara, limeegeshwa boza la maji, dereva anakula mhogo wa kuchoma. Nani angefikiri mara mbili? Mimi sikufikiri hata hiyo moja. Nikapatana naye, boza zima, maji safi ya ziwa, nikapanda mbele nikakaa kama bibi harusi.

Njia nzima nilikuwa najiona. Nawasikia wakisema, kusoma si mchezo, mtoto wa Mama Mwalimu ametuokoa. Tulipofika, dereva akapiga honi ili watu wapishe, na honi hiyo ikakata kilio katikati. Akarudi nyuma kuingia uani, tairi likapanda mafiga yaliyokuwa yamepangwa kwa ajili ya masufuria. Akafungua koki ili kuonyesha kwamba maji yapo. Yakatoka kwa nguvu, ua ukawa tope, na wanaume waliokaa kwenye mikeka wakainuka wakishika suruali zao.

Hakuna aliyenigombeza. Katibu alikuwa amekaa chini kwa huzuni yake, akanitazama, akainamisha kichwa. Mwanamke mmoja akaja akanishika mikono yote miwili, akanishukuru sana. Akina mama wakapanga mafiga upya, mahali pakavu, wakabeba ndoo zao, wakarudi foleni kisimani. Maji ya boza hakuyagusa mtu. Jioni dereva alitaka kuondoka, akayamwaga kando ya barabara, na mabata ya jirani yakaoga kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwa bata.

Nilipofika nyumbani nilikuta ndoo ya mama bado iko mlangoni, imegeuzwa kifudifudi.

Hazikupita wiki tatu kukatokea msiba mwingine, mtaa wa juu. Safari hii mama hakunisubiri. Alijikongoja na goti lake mpaka kisimani, akachota, akajitwika. Alirudi mapema kuliko kawaida, akakaa kitandani na kanga yake ya kutokea.

"Wamenipa chai," akasema.

Sikuelewa. Nikamwambia, si vizuri hivyo?

"Chai ya maziwa. Kwenye kikombe chenye sahani. Wamenitandikia mkeka karibu na mlango, wakaipokea ndoo yangu kwa mikono miwili, wakaiweka pembeni. Hawakumimina." Mama yangu si mtu wa machozi, lakini siku ile alilia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. "Mara ya mwisho kupewa chai msibani nilikuwa bibi harusi wa mwezi mmoja. Chai ni ya wageni. Ilinichukua miaka mitatu kuacha kupewa chai."

Hivyo ndivyo nzengo yetu inavyomtoa mtu. Haimfukuzi, haimsemi. Inamfanya mgeni na kumheshimu. Hapitiwi wakati wa kuitwa kazini, hatozwi mchenya akikosa, kwa sababu mgeni hana deni la kazi na mtu. Nikaona kwamba tangu boza lile hakuna aliyesimama kwenye lango letu kutuita popote.

"Mimi ni mtu wa mbali," mama akasema akijifuta kwa pindo la kanga. "Ndugu zangu wako Chato, waliobaki ni wazee kama mimi. Siku yangu ikifika nitazikwa na nani? Na boza lako?"

Nilikasirika. Nina hasira za karibu, na nilikuwa na hatia, na hasira yenye hatia ina mdomo mrefu. Nikavaa viatu nikaenda kwa Katibu. Nilimkuta uani anakata viazi vitamu vya kuanika, vile vinavyokauka vikawa michembe, kisu kinakwenda tu bila yeye kukitazama.

"Shikamoo."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu kiti."

Nikakataa kiti. Nikamuuliza kosa la mama yangu ni nini, maana aliyeleta boza ni mimi. Nikasema nilitaka kusaidia. Nikasema maji ni maji. Nikasema maneno mengine ambayo mwanafunzi wangu angeyasema ningemtoa darasani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua kiazi kingine.

"Hakuna kosa, Mwalimu. Sisi tulishukuru."

"Basi mbona mmemtenga?"

"Nani amemtenga? Hakupewa chai?" Kisu kikasimama. "Mume wangu aliletewa maji na kila nyumba ya nzengo hii. Nyumba yenu iliniletea dereva."

Akanifungia viazi kwenye mfuko, vya kupeleka nyumbani, kama unavyomfungia mgeni. Nikavipokea. Ungefanya nini? Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi niliyamwaga boza zima.

Mvua zikaja, mto ukashuka, visima vikafutika. Mama alikonda msimu ule. Hakuumwa, goti hata lilipona, lakini asubuhi alikaa mlangoni akisikiliza mwitaji wa nzengo akipita nyumba kwa nyumba kuwaita watu palizi, na sauti ikifika kwa jirani wa kushoto mama anainua shingo, ikiruka mpaka kwa jirani wa kulia anaingia ndani. Nilimwambia tumwombe mchungaji aongee nao. Akakataa. Nikamwambia twende wote Geita, nina nyumba nzuri kule. Akaniuliza Geita ninamjua nani wa kunizika. Nikawahesabu majirani zangu wa Geita kimoyomoyo, nikaacha.

Nikarudi kwenye daftari langu, kwa kuwa nikizidiwa ndivyo ninavyofanya, nauliza maswali. Nilikuwa sijamhoji mwenye duka la kivukoni, mzee wa Kihindi ambaye babu yake ndiye aliyeweka duka la kwanza hapa. Anaongea Kisukuma kuliko mimi, na ana malori mawili yanayokwenda Mwanza kila wiki. Nikamkuta kwenye benchi la nje, mvua inanyesha, wateja hakuna.

Mji wake ulianza hivi: babu yake alikuwa akipita na lori la chumvi na vitambaa kwenda kwingine kabisa. Lori likanasa katikati ya mto, maji yakashuka, akaokoa mzigo akaukalisha ukingoni, na kwa kuwa hakuweza kwenda mbele wala kurudi akaanza kuuza. Mvua zilipoisha wateja walishamzoea. Akacheka. "Sisi hatukuja hapa, Mwalimu. Tulinasa."

Nilicheka naye, nikaandika. Kisha nikamuuliza swali ambalo halikuwa kwenye daftari. Nilikwisha kumwona misibani, yeye mwenye malori mawili, akipanda kutoka mtoni na ndoo ya bluu begani, shati limelowa mgongo mzima. Nikamuuliza kwa nini hapeleki kwa lori.

Akautazama mto.

"Baba yangu alipeleka," akasema. "Mapipa sita. Ulikuwa mwaka mbaya wa ukame, akafikiri anafanya wema. Wakamshukuru. Wakampa kiti na chai."

Kalamu yangu ikasimama.

"Walinunua dukani kama kawaida," akaendelea. "Chumvi, mafuta ya taa, asante, kwa heri. Lakini hili benchi, Mwalimu, hakukaa mtu. Duka la kijijini bila watu kwenye benchi ni ghala. Mama yangu aliniambia baba alikuwa akitoka nje anakaa peke yake ili lisionekane tupu."

"Lakini kwa nini? Maji ya lori yana tofauti gani?"

"Mwaka ule kisima kilikuwa kinatoa ndoo moja kwa nyumba, kwa siku. Ukiipeleka msibani, kwako hawanywi mpaka kesho. Walikuwa wanapeleka kiu ya watoto wao. Baba akaja na mapipa sita ya maji ambayo hayakumpunguzia mtu wake hata kikombe."

Niliona aibu, na ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Miaka yote nimefundisha mvua za wastani na tabia ya nchi, na sikuwahi kujua ndoo ina uzito gani.

"Alirudije?"

"Alichimba. Kiangazi kilipofika, kila asubuhi kabla ya kufungua duka alikwenda kisimani kutoa mchanga uliobomokea ndani. Baba yangu alikuwa na maneno kuliko redio. Msimu ule hakusema kitu."

"Na alijuaje kwamba wamemrudisha?"

Mzee akatabasamu. "Hiyo haitangazwi. Ukiiona utaijua."

Mwezi wa sita mchanga ulionekana tena, na nzengo ikashuka kufungua visima. Mimi na mama tulisimama ukingoni tukitazama, kama watu waliokuja kuangalia mpira. Kwa miaka mingi mama ndiye aliyekuwa akisimama mstari na jiwe na pembe ya paa. Safari hii akasimama mwingine, mwanamke mwenye haraka, akapiga hatua saba zake. Majembe yakaanza.

"Hatua mbili," mama akanong'ona. "Wamepungukiwa hatua mbili upande wa mawe."

"Nikawaambie?"

"Yaya, hapana! Umeulizwa?"

Walipata maji, ila ilibidi waende chini sana, na yalitoka kwa kusuasua.

Kesho yake kulipopambazuka nikashuka na jembe na karai. Kisima cha mchanga hakina ukuta, kinabomoka chenyewe, na asubuhi unakuta nusu kimejifukia. Nikaingia nikaanza kutoa mchanga. Nina miaka sitini na kitu, mgongo wangu umezoea kiti cha mwalimu, siku ya kwanza nilitoa makarai kumi nikajiegemeza kwenye udongo nikihema kama mbuzi wa mnada. Akina mama wakaja, wakakuta kisima kisafi. "Mwangaluka, Mwalimu," wakanisalimia kwa Kisukuma, kwa heshima, kama unavyomsalimia mgeni wa serikali. Nikaitika. Wakachota, wakaondoka.

Nilikwenda kila siku. Kutosema ndiko kulikoniumiza kuliko mgongo. Nilikuwa na maswali mdomoni kama mtu mwenye pipi. Kitu kimoja tu nilikifanya kwa ujanja: kila asubuhi nilichimba zaidi kidogo upande wa mawe. Kiganja leo, kiganja kesho. Nilitaka kujua kama zile hatua mbili za mama ni za kweli. Kisima kikaanza kuinama, kikarefuka, mpaka kikawa na umbo la ndizi.

Mwisho wa Agosti Katibu akaja peke yake, mapema, akanikuta ndani mpaka kiunoni. Akasimama juu yangu.

"Wewe! Kisima gani hiki kinatembea?"

Nikamwaga mchanga wa karai ukingoni.

"Na huo mchanga unautupa upande wa juu kwa nini? Si utarudi wote? Ulifundishwa na nani kuchimba, na hao watoto wako wa shule? Tupa huku! Huku!" Akaushusha mkono wake mpaka karibu unipige. Kisha akainama, akatumbukiza kata yake kule kwenye ncha ya ndizi, upande wa mawe. Maji yalijaa upesi, meupe. Akachota tena. Akatazama jiwe lililokalia jiwe, akatazama paa la kinu, akaguna, akajitwika ndoo yake akaondoka.

Nilimsimulia mama neno kwa neno. Alikuwa anakunywa uji.

"Amekugombeza kwa upole au kwa sauti?"

"Kwa sauti. Hata wachunga ng'ombe wamesikia."

Mama akaweka kikombe chini. Siku ile alikula ugali wote.

Oktoba mzee fundi baiskeli akafariki, mtu ambaye hakuna baiskeli ya mji huu hakuigusa. Mwitaji hakupita kwetu. Tulisikia kilio tu. Mama akaniambia nichukue kuni, ndoo ni yake.

"Mayu, mama yangu, nikusaidie. Ni mlima."

"Ndoo ni ya kwangu."

Alichukua ile ndogo, ya lita kumi. Tulikwenda kwa mwendo wa goti lake. Anasimama, anapumua, anaendelea, maji yanamdondokea begani. Nilikuwa nyuma yake na mzigo wa kuni kichwani. Nilijua tumechelewa na nilijua vilevile kwamba mgeni hachelewi, mgeni akifika wakati wowote anaambiwa karibu. Nilijua pia kwamba mama akipewa chai siku ile hatakwenda msiba mwingine tena. Angelala kitandani akageukia ukuta.

Tulipoingia uani masufuria yalikuwa yameshachemka. Karibu na mlango mkeka wa wageni umetandikwa. Wanawake wakatugeukia. Msichana mmoja akainuka haraka, akamimina chai kwenye kikombe chenye sahani, akaanza kuja kwetu akiishika kwa mikono miwili. Mama alimwona. Alisimama na ndoo yake kichwani, hakusogea.

"Mama Mwalimu!"

Ilikuwa sauti ya Katibu, kutoka jikoni, ile inayovuka mto.

"Unatoka wapi saa hizi? Ugali umeiva, maji yako tupikie nini, chakula cha kesho kutwa? Wenzako wamekuja alfajiri, wewe unatuletea ndoo ya kuoshea mtoto mchanga! Mchenya! Mzigo wa kuni, na karai la michembe. Kesho, kabla jua halijapanda!"

Msichana wa chai akageuza njia, akarudi na kikombe chake.

Na mama yangu, mwanamke wa miaka themanini, aliyelia kwa ajili ya kikombe cha chai, akaitua ndoo chini kwa kishindo na kushika kiuno.

"Yaya! Karai zima? Hamnionei huruma, na goti langu hili?"

"Hilo goti lilikuwa wapi kisima kilipokuwa kinafunguliwa? Miguu yako ingekuwepo tusingechimba kando! Karai zima, na usiniletee michembe yenye wadudu."

"Nusu karai!"

"Zima! Na huyo mwanao naye, mzigo wake wa kuni. Amechelewa kama wewe."

Mwanamke mmoja akaichukua ndoo ya mama bila kumtazama usoni, kwa mkono mmoja, kama unavyochukua kitu cha nyumbani, akaimimina kwenye pipa pamoja na maji ya wengine. Mama akasukumwa kwenye kundi la wanaochambua mboga. Akakaa, bado anabishana. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, kisha nikaitwa kwa ukali nikachochee moto.

Tulirudi alasiri. Njiani mama hakupita lango hata moja kimya. "Mmesikia? Nimetozwa mchenya. Mzigo wa kuni na karai la michembe, karai zima!" Analalamika, na uso wake wote unacheka. Tulipofika kivukoni mwenye duka alikuwa kwenye benchi lake. Akasogea, mama akakaa, akamsimulia toka mwanzo, sauti ya Katibu, goti, ndoo ya mtoto mchanga. Mzee akanitazama juu ya kichwa cha mama, nikamwitikia kwa kichwa. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na swali.

"Sasa hata nikifa kesho," mama akamwambia, "maji yapo."

Kisha akakumbuka, akajiinua kwa kulishika bega langu.

"Lakini kesho siwezi. Nina kuni za kukata."